Usinikalishe Kitini, Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Naendelea vizuri. Michubuko ya pajani imeanza kufifia, na daktari amenichunguza akasema hakuna mfupa uliovunjika. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatukuelewana. Tangu nilipoanguka, kila tukizungumza unaniambia, "Mama, wewe kaa tu, usihangaike." Unasema kwa mapenzi, najua. Lakini katika yote uliyoniomba, hilo ndilo nisiloweza kulikubali, na nataka unielewe.

Sikatai kwamba jambo hili ni zito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na wengi ni wa rika letu la miaka 60 kwenda juu. Aliyeanguka mara moja yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka tena. Sasa fikiri: huyu aliyeanguka akiingiwa na hofu, hutembea kidogo. Akitembea kidogo, misuli ya mapaja hunywea. Kila mtu hujikwaa, hata wewe na ujana wako, ila wewe ukijikwaa unapiga hatua moja ya haraka na mwili unakaa sawa. Hatua hiyo moja ndiyo inayotupotea sisi wazee, na kiti hakiirudishi. Kinachoirudisha ni miguu kufanya kazi.

Kwa hiyo kila asubuhi ninainuka kitini na kuketi tena polepole, bila kujisukuma kwa mikono kadiri niwezavyo. Kisha nasimama nyuma ya kiti kizito, nakishika, nainua mguu mmoja, halafu mwingine. Baadaye natembea kando ya ukuta, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Ushauri wa kimataifa kwa wazee ni mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha siku 3 au zaidi kwa wiki. Tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja zimeonyesha kuwa mazoezi ya namna hii hupunguza kuanguka kwa karibu robo. Sijui dawa ya kumeza inayofanya hivyo. Ukija kunitembelea, usiniletee maji nilipoketi. Twende wote tukayachukue.

Mambo ya nyumba tumeyamaliza: mkeka uliokuwa ukiteleza umeondolewa, taa ya njia ya chooni inawaka usiku, bafuni kuna mshikio uliokazwa ukutani, na ndani navaa viatu vilivyofungwa kisigino.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni dawa. Wengi wakisikia mzee ameanguka huuliza sakafu ilikuwaje, hawaulizi alimeza nini. Dawa za usingizi, za kutuliza wasiwasi, baadhi ya za presha na za mafua zinazoleta usingizi, zote zinaweza kuleta kizunguzungu au kumfanya mtu azubae. Presha yenyewe inaweza kushuka ghafla mtu anapoinuka kitandani. Ndiyo maana sasa naketi kwanza ukingoni, nachezesha nyayo, nasimama nikiwa nimeshika kitu, nangoja kichwa kitulie ndipo nipige hatua. Lakini sitaacha dawa yoyote kwa uamuzi wangu, nawe usiniachishe. Tutazipeleka zote kwa daktari, pamoja na zile nilizonunua bila cheti, azipitie moja moja, na anipime presha nikiwa nimelala kisha nikiwa nimesimama.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa huruma yako inaweza kuniumiza. Ukinikuta chini, usinivute kwa mikono wala kwa makwapa. Bega la mzee huteguka upesi, na mgongo wako pia utaumia. Keti karibu nami, niache nipumue, niulize panapouma. Nikiwa na maumivu makali ya kinena au nyonga, nikishindwa kuukanyagia mguu, au ukiona mguu mmoja umekuwa mfupi na umegeukia nje, usiniinue. Nifunike nisipate baridi, uite msaada.

Nikiwa salama, lete kiti imara karibu na kichwa changu. Nitageuka ubavu, nitajiinua kwa kiwiko, nitapiga magoti na viganja chini, nitatambaa hadi kwenye kiti. Nitaweka mikono juu yake, nitatanguliza unyayo wa mguu wenye nguvu, nitajisukuma na kugeuka niketi. Kazi yako ni kunielekeza na kukishika kiti kisisogee. Nimejifunza hatua hizi kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na nataka tuzirudie pamoja ukija. Nikiwa peke yangu na nikishindwa kuinuka, simu iko mfukoni. Kulala sakafuni kwa saa nyingi huleta vidonda na kukaukiwa maji, na misuli iliyobanwa huweza hata kuharibu figo.

Kichwa ni habari nyingine. Unajua natumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Nikigonga kichwa, hata nikicheka na kusema sijambo, nipeleke hospitali siku hiyohiyo. Damu inaweza kuvuja ndani taratibu, na dalili zikaja baadaye: kichwa kuuma kwa kuzidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, maneno kuchanganyika. Hapo usinisikilize mimi.

Na ikitokea siku nyonga imevunjika, fuatilia upasuaji usicheleweshwe bila sababu ya kitabibu. Kisha wahudumu wakitaka kunisimamisha siku inayofuata, usiwazuie hata ukiniona nalia. Waombe wanipe dawa ya maumivu ya kutosha, lakini waache wanisimamishe. Kulala kitandani muda mrefu huleta nimonia, damu kuganda miguuni, na udhaifu ambao wengi hawatoki tena.

Kuna jambo moja zaidi, na hili linatoka moyoni. Wazee wengi huanguka wakanyamaza. Wanajua wakisema tu, watanyang'anywa ufunguo wa mlango, watakatazwa kutoka, watazungumziwa kana kwamba hawapo. Mimi nakuahidi nitakwambia kila nitakapoanguka, hata pasipo jeraha. Nawe niahidi kwamba swali lako la kwanza litakuwa kilichosababisha, wala halitakuwa nani atanilinda. Fimbo nimekubali, na urefu wake umepimwa ufike kwenye kifundo cha mkono.

Mwezi ujao unisindikize kwa daktari wa macho. Mtoto wa jicho ameanza kulitia ukungu jicho la kulia, na kingo za ngazi sizioni sawasawa. Uje mapema, tutaenda kwa miguu hadi kituoni.

Ni mimi mama yako akupendaye.