Marafa twende na mama, ila polepole

Rukia shoga yangu,

Mwaonaje huko Nairobi? Mama hajambo na magoti yake? Nimesoma meseji yako unauliza kama Marafa, kule kwenye korongo upande wa Malindi, itamfaa mama ama tumwache kwangu na wajukuu, hapana bwana, aje, tena yeye ndo wa kwanza kupanda gari, ila safari tuipange kwa mwendo wake sio wetu.

Manake lile korongo uzuri wake wote unauona ukiwa juu. Unasimama ukingoni, chini yako ardhi imechanika, minara ya mchanga mgumu imechongwa na mvua na upepo miaka na miaka, tabaka nyeupe, pinki, rangi ya chungwa hadi nyekundu kabisa. Kushuka ni mteremko, tena una mchanga, watoto washuke na kijana wa kutembeza wageni, mama abaki juu na mimi. Ntabeba ile stuli yangu ya plastiki ya jikoni, akanyagie akipanda Noah manake mlango wake uko juu, na tukifika aikalie.

Sa shida ni saa. Watu wengi wanatoka Mombasa asubuhi na wanataka kurudi siku hiyo hiyo, foleni ya Mtwapa inawala, wanafika jua la utosi hata kuangalia hawawezi kwa joto, si bure wageni wanapaita jiko la jehanamu. Sisi tulale Malindi. Kutoka Mombasa ni kama kilomita 120 tu, Kilifi tunasimama mama anyooshe miguu tununue na korosho. Kesho yake asubuhi hatuendi popote, alale mpaka achoke kulala, tukishaswali alasiri ndo tunavuka daraja la Sabaki. Jua likianza kushuka zile rangi zinakolea we acha tu. Magharibi mwezi wa nane inaingia saa kumi na mbili na kitu, lakini kiza kisitukute pale, ukingoni na tochi na mtu wa magoti mi sitaki.

Kuna na hadithi yao, Wagiriama wa pale wanasema palikuwa na matajiri wenye ng'ombe wengi hadi wakawa wanaoga maziwa, Mungu akakasirika ardhi ikawameza, ile nyeupe ndo maziwa na nyekundu ndo damu. Mamako atabishana na yule kijana hadi kesho, wamjua.

Avae raba, zile ndara zake aziache nyumbani. Na msalani tumalize Malindi kabla ya kutoka, choo cha njiani mi sikitegemei.

Tiketi za treni ya SGR kata mapema, shule zitakuwa zimefungwa zinaisha haraka. Halafu niambie kama mama anaweza ngazi za ghorofa moja ama nitafute chumba cha chini, manake nyumba niliyoiona Malindi haina lifti na mwenyewe anataka jibu wiki hii.

Shogako,
Mwanaisha