Urban Cowboy si filamu ya kofia na buti peke yake

Mhariri,

Ukurasa wenu wa burudani ulipozitaja filamu za zamani zilizojaa muziki wa kantri, Urban Cowboy ya mwaka 1980 ilipewa sentensi moja tu, kwamba ni hadithi ya kijana anayepanda fahali wa mashine ndani ya baa ili ampate tena mkewe. Maneno hayo si ya uongo, lakini yanaipunja filamu hiyo, na yanatupunja pia sisi ambao tumeitazama mara nyingi na bado hatujaichoka. Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nieleze kwamba kinachoifanya ipendwe baada ya miaka yote hii si fahali wala mwigizaji John Travolta na kofia yake, bali ni ndoa changa inayoonyeshwa ikivunjika kwa sababu ambayo waandishi wengi wa filamu za mapenzi huiogopa: mume hawezi kuvumilia kuona mke akimshinda.

Yafaa kwanza kukumbuka chanzo chake, kwa sababu filamu hii haikuzuliwa ofisini Hollywood. Mwaka 1978 mwandishi Aaron Latham alichapisha katika jarida la Esquire makala ndefu kuhusu vijana wa Houston, jimbo la Texas, waliofanya kazi mchana katika viwanda vya kusafisha mafuta na kemikali, kisha usiku wakavaa kofia pana na buti kwenda Gilley's, baa iliyokuwa katika mji jirani wa Pasadena. Baa hiyo ilifunguliwa mwaka 1971 na mwimbaji Mickey Gilley pamoja na mshirika wake Sherwood Cryer, nayo ilikuwa kubwa kiasi cha kuingiza maelfu ya watu kwa usiku mmoja. Latham alishirikiana na mwongozaji James Bridges kuandika mchezo wa filamu, na kamera zikapelekwa Gilley's yenyewe, ambako baadhi ya wateja wa kila siku waliwekwa nyuma ya waigizaji, wakicheza dansi kama walivyozoea kuicheza. Ndiyo maana ukumbi ule una uhalisi ambao fundi wa seti hawezi kuuiga kwa urahisi: moshi, msongamano, taa hafifu, na watu wanaotazamana kwa jicho la kufahamiana.

Bud Davis, anayeigizwa na Travolta, anatoka Spur, mji mdogo wa magharibi mwa Texas, na kufikia kwa mjomba wake Bob, ambaye anamtafutia kazi kiwandani. Huko Gilley's anakutana na Sissy, anayeigizwa na Debra Winger, na swali la kwanza la maana analoulizwa na msichana huyo ni kama yeye ni koboi wa kweli. Bud anajibu kwamba hilo linategemea mtu anavyomfahamu koboi wa kweli. Jibu hilo ni la kukwepa, na kila aliyetazama filamu anajua kwa nini analikwepa swali. Koboi huyu hachungi ng'ombe. Yeye ni kibarua wa kiwanda cha mafuta, mchana anavaa kofia ngumu ya kazi na kufanya kazi kwenye majukwaa ya chuma yaliyo juu sana, ambako kosa dogo linaweza kumtoa roho. Kofia ya usiku ndiyo inayomrudishia heshima ambayo mshahara wa mchana haumpi. Hata fahali wenyewe ni mashine, kifaa kilichokuwa kikitumiwa na wapanda fahali kwa mazoezi kabla hakijaingizwa katika baa, nacho kinaendeshwa na mtu aliyesimama pembeni akizungusha swichi. Filamu haiwacheki vijana hawa kwa kujifanya kitu ambacho wazazi wao walikuwa nacho na wao hawana tena, na kwangu hiyo ni adabu kubwa ya Bridges kama mwongozaji.

Wanaoana upesi mno, sherehe inafanyika Gilley's, na wanahamia katika nyumba ya trela. Hapo ndipo filamu inapoanza kuwa nzuri kweli. Sissy anataka kumpanda yule fahali wa mashine. Bud anamkataza. Sababu anazotoa ni za usalama, kwamba mchezo huo si wa wanawake, kwamba ataumia, lakini uso wake unasema jambo jingine. Sissy anajifunza kwa siri, akifundishwa na Wes Hightower, mfungwa aliyeachiliwa ambaye Scott Glenn anamwigiza kwa utulivu wa kutisha, na siku anapopanda mbele ya watu anapanda vizuri, kwa madaha na bila woga, huku ukumbi mzima ukimtazama. Winger hakubadilishwa na mtu mwingine kwa ajili ya tukio hilo. Ni mwili wake mwenyewe unaoyumba na kujirudi, na ni furaha ya mtu aliyegundua kwamba kuna jambo analiweza kuliko wengi. Bud naye hawezi kuvumilia. Anapanda kwa hasira ya kuumbuka, Wes anaizungusha swichi kwa ghafula, na Bud anaanguka na kuvunjika mkono. Tangu hapo mashindano ya fahali ni mashindano ya ndoa, na hakuna hata mmoja kati ya wanandoa hao anayeweza kukaa chini na kusema waziwazi kinachomuuma.

Nimesoma maoni ya watu wanaosema kwamba hii ni filamu ya Travolta, kwa kuwa ilimfuata baada ya Saturday Night Fever ya 1977 na Grease ya 1978, na kwa kuwa jina lake ndilo lililouza tiketi. Nakubali kwamba anacheza dansi vizuri na kwamba haogopi kumwonyesha Bud akiwa mjinga. Hata hivyo, mtazamaji makini ataona kwamba kamera humfuata Bud, lakini moyo wa hadithi uko kwa Sissy. Ni yeye anayetaka kitu ambacho hakina jina katika mji wake. Ni yeye anayeacha nyumba akaishi na mtu mbaya zaidi kwa sababu mtu huyo alikuwa wa kwanza kumwambia kwamba anaweza. Winger alikuja kupata sifa kubwa zaidi katika An Officer and a Gentleman ya 1982 na Terms of Endearment ya 1983, na kwa zote mbili aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, lakini mizizi ya yote hayo iko hapa, katika sauti yake ya mikwaruzo na namna anavyoweza kukasirika na kutamani kwa wakati mmoja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mpenzi wa filamu hii halazimiki kulificha. Bud anampiga Sissy. Anampiga mara ya kwanza nje ya baa, kabla hata hawajaoana, na posa inafuata muda mfupi baada ya kofi hilo, katika tukio ambalo mwaka 1980 huenda lilionekana la kuchekesha, wote wawili wakiwa wamechafuka kwa tope. Mtu wa leo hawezi kulitazama bila kukunja uso, na sidhani kwamba anapaswa kufanya vinginevyo. Anampiga tena baadaye. Wes naye anampiga. Filamu inajua kwamba hili ni baya, kwa maana mwishoni Bud anamwomba Sissy msamaha, na msamaha wenyewe anaurudisha nyuma hadi siku ya kwanza alipoinua mkono wake. Hayo ni maneno mazito, na ni machache ya aina hiyo niliyoyasikia yakitoka kinywani mwa shujaa wa filamu za wakati ule. Tatizo ni kwamba yanasemwa upesi, kisha Bud anaona alama ya kipigo usoni mwa Sissy na kukimbia kwenda kumshughulikia Wes kwa ngumi, kana kwamba mkono wa mwanamume mwingine unaweza kuusafisha wake. Hapo waandishi walishindwa. Walikuwa wamelifungua jeraha, wakaogopa kukaa nalo, wakaturudishia ugomvi wa kawaida pamoja na mwizi anayekamatwa akiiba pesa za baa. Naipenda filamu, lakini dakika zile kumi za mwisho nazitazama kwa kinyongo.

Ningependa pia kumtetea Pam, yule binti wa tajiri wa mafuta anayeigizwa na Madolyn Smith, ambaye watazamaji wengi humchukia bila kumpa nafasi. Anamchukua Bud kwa sababu anapenda wanaume wenye kofia, na yeye mwenyewe hafichi hilo. Sissy anapokuja kusafisha trela na kumwachia mumewe barua ya kuomba waongee, Pam anaiharibu barua hiyo na kuipokea sifa ya usafi. Kosa ni kubwa. Lakini ni Pam huyohuyo anayekiri kwa Bud alichokifanya na kumwachia aende, jambo ambalo wenye ndoa hawakuwa wamelifanya kwa filamu nzima, yaani kusema ukweli unaomgharimu msemaji. Barry Corbin, kama mjomba Bob, naye ana sehemu fupi lakini inayobaki. Anamshauri kijana kwamba hata koboi hulazimika kumeza kiburi ili asimpoteze ampendaye, na muda mfupi baadaye radi inapiga kiwandani na Bob anakufa katika mlipuko. Bridges, aliyekuwa ametoka kuongoza The China Syndrome mwaka 1979 kuhusu hatari ya mtambo wa nyuklia, hakuweza kukisahau kiwanda hata akiwa anatengeneza filamu ya mapenzi, na ninamshukuru kwa hilo.

Kuhusu muziki nitasema machache, kwa kuwa wasomaji wenu wa Kenya hawahitaji kufundishwa kuupenda muziki wa kantri. Hapa kwetu, Jim Reeves, Dolly Parton, Don Williams na Kenny Rogers wamekuwa wageni wa kudumu katika redio na kumbi kwa vizazi kadhaa, na tuna waimbaji wetu wenyewe wa mtindo huo, akiwamo Sir Elvis, wanaojaza kumbi kwa nyimbo hizo. Wengi waliokua wakiusikia wimbo wa Kenny Rogers "Love the World Away" hawajui kwamba ulitoka katika filamu hii. Humo pia mna "Lookin' for Love" wa Johnny Lee, uliofika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za kantri za Marekani, "Could I Have This Dance" wa Anne Murray, na "Stand by Me" kama alivyoufanya Mickey Gilley mwenyewe. Wapo wakosoaji wa muziki huo wanaosema kwamba filamu iliuharibu, kwamba ilileta miaka michache ya sauti tamutamu za studio na watu wa mijini walionunua kofia kwa msimu mmoja tu, mpaka waimbaji akina George Strait walipoyarudisha mambo kwenye fidla na gitaa la chuma. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini iangukie kampuni za rekodi zilizokimbilia faida, maana filamu yenyewe inaonyesha vizuri kuliko mtu yeyote jinsi kofia inavyoweza kuwa vazi la kukodi.

Gilley's nayo haikudumu. Wenye baa wawili, Gilley na Cryer, waligombana hadi mahakamani, baa ikafungwa mwaka 1989, na mwaka uliofuata ikateketea kwa moto. Mickey Gilley aliaga dunia mwezi wa Mei 2022. Anayetaka kuuona ukumbi ule ulivyokuwa, sakafu iliyochakaa kwa buti na wanandoa wakizunguka kwa dansi ya hatua mbili, njia bora aliyobakiwa nayo ni filamu hii.

Kwa hiyo, Mhariri, ninalo ombi dogo. Mkirudia tena orodha yenu ya filamu za zamani, iongezeeni Urban Cowboy sentensi mbili. Ya kwanza imtaje Debra Winger kabla ya fahali. Ya pili iwatahadharishe wazazi kwamba humo mna ulevi na mke anayepigwa, kwa hiyo wasiiweke sebuleni Jumapili mchana watoto wakiwapo kwa kudhani ni burudani ya nyimbo tupu.

Wenu,
Msomaji wa Nakuru