Kabla ya mashine ya sukari, uliza bei ya stripu

Mhariri,

Mama yangu ana kisukari, na mimi ndiye ninayemdunga kidole kila alfajiri. Nawasihi wenzangu, mashine ya kupimia sukari ya damu isiwahadae kwa bei rahisi. Mashine hununuliwa mara moja; stripu, vile vipande vyembamba vya kutilia tone la damu, ni za kila siku, na za mashine ya aina moja hazifanyi kazi kwenye nyingine. Ulizeni bei yake kwanza, na kama zapatikana duka la dawa la mtaani.

Hakikisheni mashine inapima kwa milimoli (mmol/L). Nyingine huonyesha miligramu (mg/dL), na 7 ya milimoli ni 126 ya miligramu. Mzee aliyezoea 7 akiiona hiyo 126 ataingiwa na kiwewe bure.

Unyevu wa pwani nao huharibu stripu. Toa moja, funga kopo papo hapo. Nanyi wauza dawa, tafadhali msizianike dirishani juani!

Mlezi wa mgonjwa,
Kisauni, Mombasa