Marehemu Hakuniacha

Ujiji, Kigoma
12 Oktoba 2024

Tatu ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Sisi hapa hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, anaswali amekaa, lakini anakula vizuri. Naamini nanyi huko Isevya mko salama, ukiondoa hili lililowakuta.

Juzi kwenye simu ulikuwa unalia, nami nikashindwa kukueleza kwa mpangilio. Nilikwambia kimoja tu, hesabu siku. Barua ya Marekani ya kukataa ombi la mumeo la kukuchukua ulisema imeandikwa tarehe 1 Oktoba. Basi siku 30 zinaanzia hapo, kwenye tarehe iliyoandikwa juu ya barua, siyo siku shemeji alipofungua bahasha. Barua ikitumwa kwa posta wanaongeza siku 3, ila wakili wetu alikataa kabisa kuziegemea. Na rufaa inatakiwa iwe imeshafika kwao kabla muda haujaisha. Kuiposti siku ya mwisho hakukusaidii kitu. Kwa hiyo mwisho wenu ni tarehe 31 mwezi huu, na leo ni tarehe 12. Mwambie shemeji asingoje mshahara.

Halafu kuna hili ambalo mimi lilinichanganya sana: wewe huwezi kukata hiyo rufaa. Aliyeomba ni mumeo, kwa ile fomu ya I-130 ya kumwombea jamaa ahamie Marekani, kwa hiyo mwenye haki ya kulalamika ni yeye. Mimi nilikuwa nimeshaandika kurasa nne kwa mkono, nimemweleza afisa maisha yangu yote tangu utoto, nikidhani mwanamke akijieleza mwenyewe atasikilizwa. Wakili akaniambia taratibu, "Mama, barua hii tutaitumia kama maelezo yako, lakini sahihi ya rufaa ni ya mumeo." Nililia siku ile. Naolewa mimi, nakataliwa mimi, halafu sina mdomo.

Sasa nikueleze yetu ilivyokuwa, maana habari zilizokufikia ni za vipande.

Baba Neema unamjua alivyotoka. Alikulia kambini Nyarugusu, akaondoka na wenzake wa Fizi, Kongo, mwaka 2015 kwenda Iowa, akapata uraia mwaka 2020. Mwaka uliofuata akaja, tukafunga ndoa hapa Ujiji, na wewe ulikuwepo, ulikaa na mama jikoni. Aliporudi alikuwa na haraka ya kunichukua, na mimi nilikuwa na haraka zaidi yake. Tukaambiwa kuna kijana pale mjini ana steshenari, anajua mambo ya Marekani, ameshapeleka watu wengi. Jina lake silitaji. Alikuwa na kompyuta, ana mhuri, anazungumza kwa kujiamini, na ukutani kabandika picha za uwanja wa ndege. Tulimwita wakili, na yeye hakutukatalia. Kumbe kishoka.

Ndiye aliyetafsiri vyeti vyangu vyote kwa Kiingereza na kumtumia baba Neema, naye akapeleka alivyopewa. Mwaka 2022 ikaja barua ya kutaka ushahidi zaidi. Wanataka hati ya talaka yangu. Nikamwambia yule kijana, mimi sijaachwa, mimi ni mjane, mume wangu wa kwanza alikufa ziwani. Akanijibu kwamba Marekani ndio utaratibu wao, mtu aliyewahi kuolewa lazima aonyeshe talaka, na kwamba nikimletea elfu themanini atanitengenezea moja, yenye mhuri.

Tatu, wewe ulikuwepo asubuhi ile ya 2014. Unakumbuka mitumbwi ilivyorudi Kibirizi mmoja mmoja, na taa zikiwa zimezimwa, na sisi tumesimama pale kwenye mchanga tukihesabu. Unakumbuka waliomleta. Niliosha nguo zake kwa mikono yangu, nikakaa eda miezi minne na siku kumi. Leo nitoe elfu themanini iandikwe kwamba mtu huyo aliniacha? Nilimwambia sifanyi. Akaandika kiapo kifupi kwamba mimi ni mjane, bila cheti cha kifo, kwa sababu cheti hatukuwahi kukikata. Nani kwetu anakumbuka cheti siku ya msiba? Septemba mwaka huohuo wakakataa.

Wakili alinieleza baadaye kwamba pale niliposema sifanyi ndipo nilipojiokoa. Karatasi ya kughushi ingeingia kwenye faili, kosa lingekuwa la udanganyifu, na udanganyifu hauponi kwa kutuma maombi mapya. Nilisema hapana kwa ajili ya heshima ya marehemu, sikujua kama nalinda na kesho yangu.

Wakili alipatikana kupitia shirika linalosaidia wakimbizi huko huko Iowa. Wenzetu wana mawakili wenye leseni ya jimbo, na wana pia watu wa mashirika waliothibitishwa na Wizara ya Sheria kushughulikia mambo ya uhamiaji. Hao wote majina yao unaweza kuyaangalia, kama sisi tunavyomwangalia wakili wetu kwenye e-Wakili ya Mahakama. Na kuna fomu inaitwa G-28. Anayekuwakilisha mbele ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, lazima aijaze na kuisaini kwamba huyu ni mteja wangu. Rufaa ikienda Bodi ya Rufaa za Uhamiaji kuna nyingine, EOIR-27. Yule kijana wa steshenari jina lake halikuwepo mahali popote kwenye faili letu, hata pale penye nafasi ya aliyesaidia kujaza. Muulize shemeji leo hii: aliyewajazia alisaini wapi?

Siku ya kwanza kuongea na wakili ilikuwa saa tisa usiku hapa, kwao saa moja jioni. Nimekaa sebuleni na taa ya simu, Neema amelala kwenye mkeka. Wakili mwanamke, na pembeni yake mkalimani, mama mmoja wa Mombasa kwa lafudhi yake. Wakaniambia niweke cheti halisi cha ndoa mbele ya kamera. Nikakinyoosha kwa viganja. Mkalimani akawa anasoma kimyakimya, huku wakili ameshika ile tafsiri ya Kiingereza. Mara mkalimani akanyamaza. Akaniambia, "Dada, sogeza karibu, pale penye hali ya bibi harusi." Nikasogeza. Shehe aliandika kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wake ule wa kulala: Mjane. Mkalimani akamgeukia wakili, wakasemezana, wakili akashusha ile karatasi ya Kiingereza mezani na kuweka kidole juu yake.

Kijana alikuwa ametafsiri kwamba mimi ni mtalaka.

Neno moja. Muda wote huo, afisa mmoja Marekani alikuwa anamsubiri mtu aliyeniacha, mtu ambaye hayupo, na mimi nilikuwa namlaumu afisa kwamba ana roho mbaya. Hakuwa na roho mbaya. Alisoma alichopewa.

Ndipo nikaelewa kazi ya wakili ni nini. Nilidhani atakwenda kutuombea huruma. Kumbe alisoma barua ya kukataliwa mstari kwa mstari, kila sababu akaandika pembeni karatasi gani kwenye faili inaijibu. Alisema rufaa haimuulizi afisa kama ana huruma. Inauliza: kwa karatasi zilizokuwa mbele yake, aliamua sawasawa? Na zilikuwa mbele yake. Cheti cha Kiswahili chenye neno mjane kilikuwemo, kimeambatanishwa na tafsiri yake mbovu. Kiapo kilikuwemo. Vyote viwili vinasema kitu kimoja, na tafsiri peke yake inasema kingine.

Hakutudanganya lakini. Alisema cheti cha kifo nikikitafuta sasa, Bodi inaweza kukataa kukitazama, kwa sababu walishaniomba ushahidi wa ndoa ya kwanza kuisha na nafasi nikawa nimepewa. Kitu ulichoombwa ukashindwa kukileta, ukija nacho kwenye rufaa umechelewa. Kwa hiyo akatushauri tusitembee na mguu mmoja. Rufaa iende, kwa fomu ya EOIR-29, ili lile neno lisibaki kwenye faili langu maisha yote. Na baba Neema afungue ombi jipya la I-130, lenye cheti cha kifo na tafsiri safi, maana kukataliwa mara moja hakumzuii kuomba tena. Kwenu inawezekana njia moja inatosha. Inategemea sababu walizoandika, na ndiyo maana nakusihi hiyo barua isomwe yote na mtu wa sheria, siyo ule mstari wa mwisho tu.

Kingine: jina la Bodi ya Rufaa za Uhamiaji lisimchanganye shemeji akaposti karatasi huko kwao Falls Church, Virginia. Rufaa ya ombi la I-130 inapelekwa kwa USCIS kwanza, mahali palipotajwa kwenye barua ya kukataliwa, na wao ndio wanaopeleka faili mbele. Wakiona wenyewe walikosea, wanaweza hata kulifungua shauri na kukubali kabla halijafika Bodi. Sisi hawakufanya hivyo.

Cheti cha kifo kilinichukua wiki sita. Barua ya mtendaji wa mtaa, kiapo cha imamu aliyemswalia, mashahidi wawili wa pale mwaloni inapoegeshwa mitumbwi, kisha ofisi ya Mkuu wa Wilaya wanakoshughulikia mambo ya RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Mara ya tatu nikarudishwa kwa sababu kwenye kiapo wameandika Hamisi na kwenye kadi yake ya mpiga kura ni Khamis. Niliandamana na mzee wetu wa mwaloni, umri ule, akapanda ngazi zote kwa fimbo kwenda kusema tena yaleyale, kwamba alimtoa majini yeye mwenyewe. Nilipokishika kile cheti nilikaa chini ya mwembe pale nje muda mrefu. Miaka minane tangu tumzike, na hiyo ndiyo ilikuwa karatasi ya kwanza inayosema amekufa.

Tafsiri mpya aliifanya mwalimu wa sekondari, na chini akaandika kwamba anazimudu lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, akaweka jina na sahihi. Hicho ndicho wanachotaka, hawahitaji mhuri wa mtu. Nilikaa naye, nikamwomba anisomee kila neno kwa Kiswahili kutoka kwenye Kiingereza chake. Alipofika pale, akasoma "mjane". Nikamwambia arudie.

Na sasa habari niliyotaka uisikie kutoka kwangu. Mwezi uliopita Bodi imejibu. Haikusema niende. Imesema uamuzi ule hauwezi kusimama kwa jinsi ulivyo, faili limerudishwa kwa afisa aliangalie upya pamoja na suala la tafsiri. Ni miaka miwili imepita, na bado tunasubiri, na ombi jipya nalo liko kwenye foleni. La Neema ni la peke yake, kwa sababu kwa mume aliye raia kila mtoto anaombewa fomu yake. Sijui tutaondoka lini. Lakini ukurasa wa pili wa ule uamuzi umeandikwa kwamba kwenye cheti halisi bibi harusi anatajwa kuwa mjane. Nimeuprinti. Nimeuweka pamoja na cheti cha kifo, kwenye ule mfuko wa plastiki ninaotunzia hati za nyumba.

Tatu, usikae na aibu. Najua majirani wanasema ndoa yenu ni ya karatasi. Yangu pia waliisema hivyo, na mwaka huu wamekuja kunikopa. Kusanya risiti za pesa anazokutumia shemeji, picha za harusi zenye watu na siyo ninyi wawili tu, meseji za siku za kawaida, zile za kuulizana umekula nini. Wakili alizipenda hizo kuliko zile za mapenzi. Na tafsiri za vyeti vyako, leo usiku, mtafute mtu anayekijua Kiingereza akusomee neno moja moja huku wewe umeshika Kiswahili mkononi.

Kondakta wa basi la Jumanne nimempa debe la dagaa na lita tano za mawese, jina lako na namba yako nimeziandika juu. Dagaa ni za giza hili lililopita, zimekauka vizuri. Shemeji akikubali, nitampa baba Neema namba yake waongee kesho.

Barua yao hiyo ipige picha kurasa zote, mbele na nyuma, unitumie. Usiogope kunipigia usiku. Saa tisa huwa niko macho.

Wako,
Mama Neema