Anayekodi pikipiki ya safari ndefu atajiwe uzito wake, si ukubwa wa injini tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya pikipiki za kukodi, kwa kuwa kiangazi kimeingia na wapo wasomaji ambao, kama nilivyofanya mimi mwaka jana, wanapanga kutoka Dar es Salaam kwenda kuzitembelea nyanda za juu kusini. Karibu kila tangazo nililoliona la wanaokodisha hutaja mambo mawili, ukubwa wa injini na bei ya siku. Uzito wa pikipiki, kimo cha kiti, lita zinazoingia katika tangi na umri wa matairi havitajwi, ilhali kwa maoni yangu hivyo vinne ndivyo vinavyoamua msafiri atafikaje.

Mimi na mke wangu tulikuwa tunakwenda Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, safari inayozidi kilomita 1,000 kupitia Morogoro, Iringa, Makambako, Songea na Mbinga. Nilikodi pikipiki ya cc 1,200 kwa kuamini kwamba safari ndefu hudai injini kubwa. Kwenye lami ilitulia vizuri sana, wala sikuwa na la kulalamika mpaka tulipoingia kwenye mchepuko wa vumbi kusini ya Njombe, ambako lori lililokuwa mbele yetu lilisimama ghafla nami nikalazimika kusimama penye mteremko wa kokoto. Mguu wangu wa kushoto uligusa ardhi kwa ncha ya kiatu tu, na pikipiki ikishaanza kuinama, ncha ya kiatu haiizuii. Hatukuumia, namshukuru Mungu, lakini ilibidi vijana watatu watusaidie kuiinua, na tuliporudi mwenye pikipiki alikata sehemu kubwa ya dhamana yetu kwa ajili ya mkono wa klachi uliopinda na sanduku lililopasuka. Siku ya kunikabidhi hakuniuliza kimo changu, nami sikujua kwamba ilinipasa kukitaja.

Pikipiki iliyo katika mwendo hujishikilia wima yenyewe, na ndiyo maana anayeijaribu kwa kuzunguka mtaa mmoja hudhani ameimudu. Uzito hudhihirika inapokwenda polepole, inapogeuzwa penye nafasi finyu au inaposukumwa kinyumenyume kutoka mchangani. BMW R 1250 GS, ambayo wengi huitamani, ina kilo 249 ikiwa na mafuta, kabla ya masanduku, mizigo na abiria, na kiti chake cha kawaida kiko sentimita 85 au 87 kutoka ardhini. Mtu mrefu mwenye mazoezi ataifurahia. Mimi nina mita 1.65, na nimejifunza kwa gharama.

Sisemi kwamba iliyo ndogo kuliko zote ndiyo bora. Anayeujua mlima Kitonga anajua jinsi malori yanayokwenda Tunduma yanavyoupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kona baada ya kona, na pikipiki ya cc 150 iliyobeba watu wawili na mabegi haina nguvu ya kuyapita katika kipande kifupi cha barabara iliyonyooka, hivyo mwendeshaji ama hukaa nyuma akivuta moshi au hujaribu kupita na kukwama ubavuni mwa tela. Basi linalokuja kwa kasi nalo huisukuma pikipiki nyepesi kwa upepo wake. Hapo nakiri kwamba ile kubwa ilitusaidia. Lakini mahali pa namna hiyo ni pachache: ndani ya Mikumi, ambako barabara hupita hifadhini kwa takriban kilomita 50, mwendo umewekewa kikomo kwa ajili ya wanyama, na katika vijiji vyote vya njiani kikomo ni kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo nguvu niliyoilipia ilikaa bure sehemu kubwa ya siku.

Ndiyo maana sasa nawashauri wanaoniuliza watazame zile za kati. Royal Enfield Himalayan ya cc 411 ina takriban kilo 200, kiti cha sentimita 80 na tangi la lita 15 linaloweza kuipeleka zaidi ya kilomita 400, umbali usiopungua ule wa pikipiki kubwa yenye tangi la lita 20. Honda CRF250L ni nyepesi zaidi, lakini tangi lake la matoleo ya awali halifiki lita 8, na kiti chake kiko juu kuliko watu wengi wanavyodhani. Matairi ya hizi mbili yana tyubu, jambo ambalo kwetu ni faida, kwa kuwa fundi wa bodaboda wa kijiji chochote huziba pancha yake kwa kiraka.

Umri wa tairi nao husomeka ubavuni kwa tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la kukodishwa laweza kuwa na kashata nzuri huku mpira wake umekauka, na mpira mkavu huteleza kwenye lami iliyolowa ukungu wa Makambako asubuhi. Kuhusu bima, mkodi aulize kabla ya kulipa kama ni kubwa au ndogo, kwa kuwa bima ndogo hulipa madhara aliyopata mtu mwingine na si pikipiki yenyewe.

Ombi langu kwa wanaokodisha ni kwamba yale mambo manne niliyoyataja mwanzoni yaandikwe katika tangazo pamoja na bei, na mkodi aruhusiwe kuisukuma, kuigeuza na kuipanda pikipiki uani ikiwa imepakiwa mizigo yake na abiria wake, kabla hajatoa dhamana. Juni ijayo tunatarajia kurudi Mbamba Bay. Nimemwandikia mwenye pikipiki mmoja nikimwomba anitajie yote manne; amenijibu matatu siku hiyohiyo, na ameahidi kunitumia picha ya ubavu wa matairi.

Wako msomaji,
Kihesa, Iringa