Shosti, kuhusu lile swali lako la misamiati

Shosti wangu mwalimu,

Mambo vipi huko, watoto hawajambo, na mama mguu umepoa? Mimi huku Jinhua, China, nipo salama, masomo yanabana lakini naenda nayo. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ile unayosema Form One wako wana madaftari ya misamiati yamejaa mpaka jalada la nyuma ila ukiwapa stori ya nusu ukurasa wanakutumbulia macho. Nimekaa nayo wiki nzima maana hicho kitu ndo nakutana nacho kila Jumamosi na mtoto wa mama mwenye nyumba wangu, nikasema hii siijibu kwa voisi, naiandika.

Dogo yuko darasa la nane, ndo mwaka wa pili wa ile wanaita chuzhong, miaka mitatu kati ya primary na high school, na mwisho wake mwezi wa sita kuna mtihani unaitwa zhongkao, huo ndo unaamua nani aende high school ya kawaida na nani aende ya ufundi, kwahiyo wazazi hawalali. Kiingereza hapa mkoa wa Zhejiang ni maksi 120, sawa na hesabu na sawa na Kichina chenyewe. Mama yake hanilipi na mi sitaki, tuisheni za biashara za masomo ya shule serikali ilizibana sana tangu 2021, sisi tumeelewana kijirani tu, mi nasoma na mtoto, yeye ananielekeza kuandika herufi za kwao na tukimaliza ananilisha.

Sasa shosti usije ukadhani hawa watoto wavivu. Asubuhi kabla ya vipindi wana kitu kinaitwa zaodu, darasa zima linasoma kwa sauti kila mtu na ukurasa wake, ukipita nje ya ukuta wa shule unasikia kama mzinga wa nyuki. Nyuma ya kitabu cha kiada kuna orodha ya maneno unit kwa unit, Kiingereza huku Kichina kule, alaf kuna tingxie, mwalimu anataja wao wanaandika, ukikosa unalirudia neno hilo mpaka mkono uume. Dogo anapata yote, nakuapia, “environment” anaishusha bila kusita.

Alaf Jumamosi ya kwanza nikamwekea kisa kifupi, kuna sentensi “She booked two tickets” akagoma. Neno “book” si analijua tangu primary, kitabu, sasa huyu dada kafanya nini, kakitabu tiketi mbili? Mbele kidogo “Her uncle runs a small shop”, yani mjomba wake anaendesha duka dogo, akanichorea mjomba anakimbia na duka mgongoni, hakuwa anatania, alikuwa anajaribu kweli kupata maana. Orodha imempa kila neno maana moja, na yeye kaibeba hiyo moja kama namba ya simu. Nikakukumbuka wewe hapohapo maana wa kwako nao si wangeandika “mjomba wake anakimbiza duka dogo”?

Kuna kitu nimekigundua kwa kukaa naye, na nadhani watoto wetu hapo wana nafuu ambayo hatujawahi kuitumia. Mtoto wa Kiswahili anaingia Form One ana baiskeli, shati, kompyuta, benki, daktari, anaijua nusu ya sauti ya neno kabla hajafundishwa. Kichina hakikopi hivyo, wanayo machache kama shafa ambalo ni sofa, na kafei, ila mengi wanajiundia wenyewe, kompyuta kwao ni diannao, ubongo wa umeme, treni ni huoche, gari la moto (nilivyomwambia sisi tunasema gari moshi alifurahi mpaka akamuita mama yake jikoni). Kwahiyo neno la Kiingereza kwake linakuja tupu kabisa, halina pa kushikia, ndo maana wanaishia kukariri. Wengine wanaandika herufi za Kichina juu ya neno ili wakumbuke matamshi, “thank you” wanaiandika san ke you, ambayo ukiisoma kwa maana ni gramu tatu za mafuta. Na sisi tulikuwa tunaandika “gudi moningi” pembeni ya daftari, unakumbuka?

Ila kuna sehemu tuko ndugu moja. Kichina cha kuongea hakina “he” na “she”, vyote ni ta, kama sisi na yeye. Dogo akisimulia kuhusu bibi yake ni “he” mwanzo mwisho, na mwalimu wake anamkata kila saa. Mi nikamwambia nchini kwetu watu wazima wenye digrii zao wanateleza hapohapo, nikamwandikia “yeye”, nikamwonyesha ndo huyohuyo babu na bibi. Tangu siku ile ananisomea bila kuona aibu, na hilo shosti limenisaidia kuliko mbinu yoyote niliyofundishwa darasani.

Sasa tunafanyaje. Nimeacha kumpa vifungu vya mtihani siku ya Jumamosi, ile wanxing tiankong yao, kifungu kimetobolewa matobo unachagua A, B, C, D, anazifanya za kutosha shuleni. Mi natafuta stori rahisi, rahisi kweli, mpaka mama yake mwanzoni alinuna akasema hii ni ya darasa la tano. Nikamweleza kuna watafiti wawili, Hu na Nation, mwaka 2000 waliona msomaji anahitaji kuyajua maneno kama asilimia 98 ya kile anachosoma ndo aelewe vizuri mwenyewe, yani kwenye maneno 50 asilolijua liwe moja. Ukimpa mtoto ukurasa ambao kila mstari una maneno matatu mageni hasomi pale, anachimba mawe.

Tunasoma mara ya kwanza bila kusimama na bila dikshonari, akikwama anaruka. Mara ya pili anapigia mstari maneno yanayomsumbua ila haruhusiwi kupigia zaidi ya matano, na hapo ndo namuuliza majirani wa neno, kabla yake kuna nini, baada yake kuna nini, tiketi zinafanywa nini na watu? Akasema zinanunuliwa, zinawekwa. Ehee! Mwenyewe kaipata “booked”, na sasa hivi kila akikutana nayo anacheka. Mara ya tatu anafunga kitabu ananisimulia, hata kwa kuchanganya, hata Kichina robo tatu, sijali, nataka kujua stori imeingia.

Na mtaala wao wenyewe haukatai haya, hicho ndo kinaniuma. Mpaka wamalize chuzhong wanatakiwa wawe na maneno kama 1600 na nje ya kitabu cha kiada wawe wamesoma jumla ya maneno laki moja na nusu. Watu wote wanahangaika na hayo 1600 maana ndo yanapimika kwa tingxie, hiyo laki na nusu hakuna anayeihesabu. Nilikaa na kikokotoo nikaigawa kwa siku za miaka mitatu, inakuja kama maneno 140 kwa siku, shosti hiyo haifiki hata ukurasa, ni dakika tatu za kusubiri basi!

Kwako najua hali, darasa la watoto 90, vitabu kumi na mbili, na hao wako ni wagumu zaidi maana Januari wamevuka tu kutoka Kiswahili na ghafla hadi bailojia inasemwa kwa Kiingereza. Ila jaribu hivi, chukua manila, andika kwa maka kubwa stori ya maneno kama 140, itunge mwenyewe kwa maneno wanayoyajua, weka mageni mawili au matatu basi, weka vitu vya hapo, mnada, bodaboda, mbuzi aliyekula nguo kwenye kamba. Ibandike ukutani wiki nzima, wasome Jumatatu bila kuuliza, Jumatano mjadili majirani wa neno, Ijumaa geuza manila wakusimulie. Daftari la misamiati usilifute ila wakiandika neno waandike na sentensi nzima lilipotokea. Mi nimeshaanza kukutungia mbili, nitakupigia picha nikutumie, unirekebishie pale ambapo hapafanani na hapo kijijini, nimekaa mbali siku nyingi.

Dogo ana mtihani Jumatano ijayo. Juzi alinisomea kurasa nne mfululizo akasahau kabisa kuwa chakula kipo mezani, mama yake kasimama mlangoni na mwiko anasikiliza, haelewi hata neno moja lakini hakutuita.

Niandikie wanavyoipokea hiyo manila, na usiniandikie kwa kifupi. Msalimie mama.

Shosti wako wa Jinhua