Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Heller za Tabora zionekane Tabora

Mheshimiwa Waziri,

Kila zinapotajwa sarafu ambazo Wajerumani, waliokuwa wakoloni wetu, walizigonga Tabora mwaka 1916 katika Vita ya Kwanza ya Dunia, sifa zote huiendea ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo upande mmoja na tai wa Kijerumani upande wa pili. Ni nzuri, sibishi. Lakini nani alinunulia chumvi sokoni kwa rupia 15?

Nakuandikia kuhusu heller 20, sarafu ndogo ya wakati huo; heller 100 zilikuwa rupia moja. Waingereza walikuwa wameziba bahari, sarafu hazifiki tena kutoka Ujerumani, na mwenye rupia ya fedha aliificha. Noti za dharura zilichapwa, ila karatasi ya serikali inayokimbia vita ni nani angeilalia usingizi? Ndipo karakana ya reli ya Tabora, mji ambao treni iliufikia mwaka 1912 tu, ikageuzwa kiwanda cha fedha. Zikagongwa heller 5 na heller 20 kwa madini yaliyopatikana, yakiwamo maganda ya makombora ya mizinga. Ndiyo maana heller 20 za mwaka huo mmoja utazikuta nyingine za shaba nyekundu, nyingine za shaba ya manjano. Mbele kuna taji, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani) na mwaka; nyuma, thamani na herufi T ya Tabora. Nyingi zimegongwa ovyo, chapa imekwenda upande. Mimi hizo ndizo nizipendazo, maana pupa ya vita imebaki juu yake. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliuteka mji.

Ombi langu si la gharama kubwa. Kiwekwe kibao cha maelezo stesheni ya Tabora, na kabati la kioo lenye heller hizi humo mjini. Maelezo yasiishie kusifu ujanja wa Wajerumani; yaseme pia kwamba vita hiyo iliwasomba watu wetu kubeba mizigo, na wengi hawakurudi.

Pili, maofisa wako waziorodheshe zilizobaki majumbani, bila kuwanyang'anya wenyewe. Mtu akiogopa kunyang'anywa ataificha, au ataipeleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu, ambaye kwake hiyo ni shaba ya kupima kwenye mizani. Atakayekubali kuuza, Makumbusho ya Taifa yamlipe bei ya haki na kumwandikia risiti.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkusanyaji wa sarafu za kale